Roboti wa Karume aliyekuja bila rimoti

Dada muuzaji pale soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, alimgeuza roboti mgongo, akabonyeza kitufe, akamsimamisha juu ya rundo la mabegi ya shule. Macho yakawaka. Akanyoosha mikono, akaguna kwa sauti nzito, halafu akatulia.

"Si unaona anko, linawaka."

Linawaka kweli. Mpwa wangu alikuwa ameshamshika mkono hata bei sijauliza, na ukishafika hapo kwenye biashara ya mitumba ujue umeisha. Nikajikaza nikauliza rimoti iko wapi. Dada akacheka, akanyooshea kidevu beseni la bluu pembeni, limejaa rimoti mpaka zinamwagika, za tivii, za ving'amuzi, za redio, za AC, kuna moja nadhani ilikuwa ya feni. "Angalieni humo, msipoiona ndo hivyo, mzigo unakuja ulivyo."

Tulichambua beseni lote. Haikuwemo.

Nikalipa elfu kumi na tano, tukaondoka naye kwenye mfuko wa rambo kichwa kikiwa nje, konda wa daladala akauliza kama huyo naye analipa nauli.

Kusimama tu

Kwa wasiomjua, huyu ni Robosapien. Alitoka mwaka 2004, kampuni inaitwa WowWee, urefu wake kama sentimita 34, mweupe kwa mweusi, mabega mapana, mota saba ndani. Enzi zake alikuwa ndo habari ya mjini huko Ulaya na Marekani. Sasa hivi watoto waliopewa wakati ule wana watoto wao, na yeye yuko Karume juu ya mabegi.

Nyumbani ukimuwasha anaamka vizuri tu, anajinyoosha, anaguna, halafu anasimama katikati ya sebule kama mtu aliyekosea harusi. Dogo alimwambia tembea. Akampigia makofi. Akamsukuma kidogo. Wapi. Ukimsahau kwa muda wa saa mbili anajizima mwenyewe na kesho yake ni hivyo hivyo.

"Mjomba, ni mbovu?"

Sasa hapo ndo ikaanza kunisumbua, maana jibu sahihi ni hapana. Siyo mbovu. Mota nzima, spika inaguna, bodi inafanya kazi. Kilichokosekana ni kidude cha plastiki chenye vitufe ambacho pengine mpaka leo kiko kwenye droo ya mtu huko Uholanzi au Ohio, au kilitupwa siku ile ile mama wa mtu alipokuwa anasafisha stoo, roboti akaenda kwenye boksi la msaada na rimoti ikaenda kwenye pipa la vitu vya umeme. Hakuna aliyekusudia. Anayejaza boksi anaona mdoli, anaweka mdoli.

Na beseni la Karume ndo upande wa pili wa hiyo hiyo habari. Rimoti zisizo na mwili upande huu, miili isiyo na rimoti upande ule, hatua mbili kati yake, na hakuna anayejua nani wa nani.

Wiki zikapita nikawa namuona pale juu ya kabati, nikipita namwangalia, yeye haniangalii.

Mzee akataka kumtoa ubongo

Nikampeleka kwa fundi redio mmoja Buguruni, mzee wa siku nyingi, ana kibanda chenye redio nyingi kuliko nafasi. Akashika bisibisi akafungua mgongo, akafungua miguu, maana betri zake zinakaa kwenye nyayo, zile kubwa za tochi, nne, mbili kila mguu.

Mguu wa kushoto ulikuwa na ukoko mweupe. Betri ilivuja zamani. Mzee hakushtuka, akakata ndimu, akachovya kijiti cha pamba za masikio, akaanza kusugua zile springi polepole. Ukoko ukatoa povu. Akaniambia watu wanakosea wanatumia maji tupu, hizi betri za alkalini zikivuja linalotoka ni kali upande wa magadi, dawa yake ni uchachu, ndimu au siki, halafu unafuta kwa spiriti unaacha pakauke. Springi moja ilikuwa imeliwa mpaka imekatika, akaikunja upya kutoka kwenye waya wa betri wa redio mbovu. Hiyo kazi yote aliifanya huku anaongea na simu.

Halafu akatoa hukumu.

"Kijana, hii bodi bila rimoti haikusaidii kitu. Tunaitoa. Tunachukua waya za mota tunazileta kwenye swichi nne, mtoto anabonyeza mwenyewe, mbele nyuma, kwisha."

Elfu ishirini.

Kwa gari ningekubali pale pale. Lakini huyu hatembei kwa matairi, anatembea kwa kuyumba. Kiuno kinamwaga uzito upande mmoja, mguu wa pili unapata nafasi ya kupita, halafu uzito unarudi, na springi za ndani zinasaidia kurudisha. Aliyembuni ni mwanafizikia anaitwa Mark Tilden, aliwahi kufanya kazi maabara ya Los Alamos kule Marekani, na ubishi wake wa miaka mingi ulikuwa kwamba roboti haihitaji kompyuta kubwa ili itembee, mwili ukipangwa vizuri unafanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua lini mota ipi iwake na lini izime, na hiyo saa iko kwenye ile bodi ambayo mzee anataka kuitoa.

Ukiitoa unabaki na sanamu lenye waya.

Nilimjibu kwa adabu, nikamwambia mzee wangu naomba nifikirie. Akasema fikiria, lakini usifikirie sana, mtoto anakua.

Kuna kitu kingine nilikiona pale wakati mgongo uko wazi, na ndicho kilichonizuia zaidi. Plagi za waya zimeandikwa. Hajagandishwa na gundi, ni skrubu kila mahali. Mimi siyo fundi lakini nimeshaona vitu vya kisasa vikifunguliwa, unapasua plastiki kwanza ndo uingie. Huyu alijengwa na mtu aliyejua kwamba kuna siku mtu mwingine atakuja kumfungua, na baadaye nikasoma kwamba ni kweli, Tilden alimtengeneza makusudi ili watu wamchokonoe.

Rimoti ghali kuliko mwenye rimoti

Nikaingia mtandaoni. Rimoti yake original ipo, used, watu wanauza, lakini ukiweka na gharama ya kutuma inazidi bei niliyonunulia roboti mzima mara kadhaa, na ushuru sijaugusa.

Nilikasirika kidogo halafu nikaelewa. Maroboti wanabaki, rimoti zinapotea, kwa hiyo kila mwaka wanaotafuta rimoti wanaongezeka na rimoti zinapungua. Muuzaji anajua unayetafuta una kiwiliwili nyumbani kinakusubiri. Hata mimi ningepandisha.

Rimoti za "tivii zote" zile za buku tano nazo nilizijaribu. Ndani yake kuna kodi, yaani namba za amri, za tivii na deki tu, midoli haimo.

Kumbe anasikia kila mtu

Mgeuko ulikuja kwa njia ya kijinga. Nilikuwa kwa jirani, rimoti yake ya king'amuzi inazingua, akaielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu akabonyeza, kwenye kioo nikaona kataa kadogo ka rimoti kanawaka zambarau. Wengi mnaijua hiyo, ni namna ya kupima kama rimoti inatoa mwanga, jicho halioni lakini kamera inaona. (Tumia ya mbele. Kamera za nyuma nyingi zina kichujio, utasema rimoti imekufa kumbe nzima.)

Nikakaa pale nikafikiria. Kama kinachotoka ni mwanga tu unaowaka na kuzima, basi roboti hajui nani kauwasha. Hana habari ya rimoti yake. Hana namba ya siri, hana ndoa na mtu. Yeyote anayewasha mwanga kwa mpangilio anaoujua atamtii.

Na mpangilio wake upo hadharani. Watu waliupima miaka hiyo hiyo ya mwanzo wakaandika kila kitu, mwanga unapigwa mara 39,200 kwa sekunde, kila amri ni biti nane, yaani alama nane za moja au sifuri, tofauti ya moja na sifuri ni urefu wa kimya kati ya mwanga na mwanga. Ukiziandika kwa ufupi wa watu wa kompyuta (heksadesimali), kutembea mbele ni 86. Kusimama ni 8E. Jedwali zima linaenea kwenye karatasi, kucheza, kupiga mluzi, kurusha, hadi kubeua.

Simu yangu haina taa ya infraredi, yaani ya huo mwanga usioonekana. Ya jirani, Redmi, inayo, ile inayowashia tivii, na Android tangu 4.4 inaruhusu programu kutuma mpangilio wowote unaoutaka. Nikapata programu inayokubali uandike kodi mwenyewe, tukahangaika nayo jioni nzima mke wa jirani anatuangalia tu, watu wazima wawili tumepiga magoti tunamuelekezea simu mdoli kichwani.

Hakuna kitu.

Hakuna kitu tena.

Hapa nilitaka kuacha kabisa, nikaanza kusema moyoni mzee yuko sahihi, watu wa swichi nne ndo wanaoijua dunia. Halafu jirani akauliza swali ambalo mimi na makala zangu zote za mtandaoni sikuwa nimelifikiria. "Hivi betri zake zina nguvu?" Zilikuwa zile za kawaida za duka la mangi. Kuwaka anawaka, kuguna anaguna, lakini amri ikifika mota zinavuta umeme mwingi kwa mpigo, volti zinaanguka, bodi inajizima na kuwaka upya, na kwa nje unaona kama hajasikia. Tukaweka alkalini nne, ambazo, niseme ukweli, zilinipa uchungu kuliko bei ya roboti.

86.

Akaegemea kulia, mguu wa kushoto ukapita. Akaegemea kushoto. Akavuka sebule ya watu anayumba yumba mpaka kwenye ukingo wa mkeka akaanguka kifudifudi, na alipoanguka akaguna.

Mpwa wangu sasa ana kisimu cha zamani chenye taa ya infraredi, kimevunjika kioo pembeni, hakina laini, kazi yake ni hiyo tu. Umbali siyo mkubwa na lazima uelekeze vizuri. Lakini hakuna kitufe alichopungukiwa.

Baadaye ndo nikasoma kwamba njia hii ilishapitiwa zamani na watu wakubwa. Mwaka 2005 chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walichukua Robosapien wakamuondoa kichwa, wakamuwekea kompyuta ya mkononi yenye kamera mahali pa kichwa, na ile kompyuta ikawa inamtumia amri kwa infraredi ile ile, wakamchezesha mpira. Bodi yake hawakuitoa. Hiyo picha nilimuonyesha mzee wa Buguruni. Akaitazama muda, akasema, "Hao wana hela za kuchezea." Sawa mzee.

Magari ni kesi yake

Habari ikasambaa mtaani, mnajua watoto. Jirani wa nyuma akaleta gari la mwanae, la mtumba pia, halina rimoti.

Hili halitumii mwanga, linatumia redio, na hapa mzee alinifundisha mimi. Pindua gari, soma chini. Imeandikwa masafa yake ya redio, 27MHz, au 40MHz, au 49MHz. Ya 49 mara nyingi ni mzigo wa Marekani, 40 ni wa Ulaya, 27 ni wa kote kote. Halafu fungua usome chipu. Gari nyingi za bei rahisi zina chipu ya RX-2 au RX-2B, na mwenzake kwenye rimoti ni TX-2 au TX-2B, na hawa wawili hawajali kampuni. Rimoti ya gari jekundu la polisi inaweza kuendesha lori la taka la kampuni nyingine kabisa, ilimradi masafa ni yale yale na chipu ni familia moja.

Maana yake ni kwamba lile beseni la Karume, ambalo sote tunaliona ni la takataka, lina majibu ndani yake, tatizo hakuna anayelisoma. Nilirudi nikiwa na bisibisi mfukoni, nikatafuta zenye antena na maandishi 27 mgongoni, nikaomba ruhusa kuzifungua. Dada akasema fungua lakini ukivunja umenunua. Moja ilikuwa na TX-2B. Buku.

Gari likapokea. Mota ya nyuma ikalia, lakini matairi hayakuzunguka.

Ukisikia hivyo, mota inalia na gari liko pale pale, kabla hujalaani rimoti angalia gia ndogo iliyobanwa kwenye ekseli ya mota. Ni ya plastiki, imesukumizwa kwa nguvu kwenye chuma cha milimita 2, na plastiki ikizeeka inapasuka mstari mmoja mwembamba ambao huuoni mpaka uibane kwa kucha ikafunguka. Chuma kinazunguka ndani yake, gia imetulia. Supaglu inashika siku mbili tatu halafu inaachia, msijidanganye.

Kupata nyingine siyo bahati nasibu. Hesabu meno. Pima upana kutoka ncha ya jino hadi ncha ya upande wa pili. Gawanya huo upana kwa meno ukiongeza mawili. Yetu meno 10, upana milimita 6, sita gawanya kwa kumi na mbili, 0.5. Hiyo 0.5 ndo saizi ya jino, na ndiyo utakayoikuta kwenye midoli mingi, kwa hiyo gia ya mdoli mwingine ikiwa na meno 10 na tundu la milimita 2 inaingia. Mzee hakuwahi kuandika hiyo hesabu popote, anapima kwa kaliba yake ya zamani na jibu liko kichwani.

Gia tuliipata. Mota yenyewe ilikuwa imeungua.

Na gari za masafa ya 2.4GHz je, mtaniuliza. Hizo rimoti na gari vinatambulishana vikiwashwa, na kila kiwanda kina namna yake, ukipoteza rimoti huwezi kuokota nyingine kwenye beseni. Unatoa bodi ya gari na kuweka bodi mpya inayokuja na rimoti yake. Inawezekana, ila hesabu gharama kwanza.

Zile ambazo rimoti yake ni kampuni

Hiki ndicho kilichobaki kichwani baada ya roboti kutembea, na ndicho kilichonifanya niandike.

Japani, Sony walitoa mbwa wa roboti, AIBO, mwaka 1999. Wakaacha kuwatengeneza 2006, na mwaka 2014 wakafunga na huduma ya matengenezo. Wenye mbwa wengi ni wazee, wameishi nao, hawakubali. Fundi waliotoka Sony wakaanzisha karakana, A-Fun, spea hakuna, kwa hiyo spea zinatoka kwa mbwa wengine waliokufa kabisa. Kabla ya kuwafungua walikuwa wanawapeleka kwenye hekalu la Kofukuji, mkoa wa Chiba, kasisi akawasomea ibada ya mazishi, halafu ndo viungo vikachukuliwa. Watu wanacheka wakiona zile picha za mbwa wa plastiki wamepangwa madhabahuni. Mimi sicheki. Mzee wa Buguruni anafanya kazi hiyo hiyo kila siku, ibada tu ndo hana.

Lakini AIBO alikuwa na bahati, akili yake ilikuwa ndani ya mwili wake. Jibo, roboti wa nyumbani wa Marekani, mwaka 2019 aliwatangazia wenyewe kwa mdomo wake kwamba seva zake, zile kompyuta za kampuni zilizobeba akili yake, zitazimwa. Desemba 2024 ikaja zamu ya Moxie, roboti wa kuongea na watoto, bei yake ilikuwa dola 799, kampuni ikaishiwa hela na wazazi wakabaki na kazi ya kumueleza mtoto kwa nini rafiki yake ataacha kuongea. Baadaye kuna njia ilitolewa ya kumuendesha bila kampuni, ila inataka mzazi anayejua mambo ya kompyuta, na wangapi wanajua.

Sasa jaribu kumfikisha huyo Karume miaka kumi ijayo. Dada anabonyeza kitufe. Linawaka.

Beseni gani utachambua?

Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza amnunulie mtoto roboti gani wa mtumba namwambia tafuta mzee, tafuta mwenye jicho la infraredi kichwani au maandishi ya 27 tumboni. Ile mipya inayoanza na "pakua programu kwanza" iache hata kama ni nzuri na bei ni chee, kwa sababu unanunua kitu ambacho ruhusa yake iko kwa mtu mwingine. Kuna marafiki zangu wa IT wananiambia nimezeeka mapema, kila programu iliyofungwa inavunjwa, subiri tu vijana wataivunja na hiyo. Labda. Robosapien hakuhitaji kuvunjwa.

Mfano ninao. Mwenzangu kazini alinipa kiroboti cha matairi mawili, kizuri kweli, kidogo, cha mwanae aliyekichoka. Programu yake haipo tena dukani. Tukaipata ya zamani pembeni, ikafunguka, ikaomba akaunti, akaunti ikaomba seva, seva kimya. Nikakipeleka Buguruni. Mzee akakifungua, akanionyesha katikati ya bodi tone la gundi nyeusi, chipu iko chini yake, haina jina, haina namba, hakuna pa kushika.

"Hii sasa nitoe ubongo?"

Nikamwambia toa.

Mota zake zilikuwa zile za kawaida za midoli, namba 130, ekseli milimita 2. Moja imeingia kwenye gari la mtoto wa jirani wa nyuma pamoja na gia ya meno 10, gari linakimbia mpaka linagonga kuku wa watu. Ya pili iko kwenye kopo la mzee, anayetaka anione.